Mshubiri na Hisani Isiyo Kiasi

Katika masuala ambayo wanavyuoni wa akhlaki wameyajadili kwa karne nyingi, liko moja ambalo aghlabu hupitwa upesi kwa kudhaniwa kwamba limekwisha kupata jawabu, nalo ni hili: mtu aliyedhuru kwa wema, ambaye moyo wake ulikuwa safi na mkono wake mkunjufu, lakini kiumbe alichokitakia uhai kikafa mikononi mwake, ana lawama au hana? Wengi hujibu papo hapo kwamba hana, kwa kuwa hesabu ya amali iko katika nia, na jawabu hilo lina nuru ambayo si muradi wangu kuizima. Naona, hata hivyo, kwamba hukumu hiyo hutolewa kabla shauri halijasikilizwa. Na ili lisikilizwe bila ya upendeleo nimemchagua shahidi mnyonge kupita wote, asiyejua kusifu wala kulalamika, asiyeweza kumwonea haya mfadhili wake wala kumpa shukrani ya uongo, yaani mmea wa majani mazito uliopandwa katika chungu ukawekwa dirishani.

Mimea ya jinsi hiyo ina koo nyingi na makwao mbalimbali. Mshubiri ndio tunaoujua zaidi katika pwani yetu. Mpungate wenye miiba ulikuja kutoka Amerika, na mkonge vilevile, ambao Dakta Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893: miche 1,000 ilitoka Florida, ikafika hai 62 tu, na kutokana na hiyo michache yakazaliwa mashamba makubwa ya Tanga. Kalankoe nyingi ni za Madagaska. Na zamiokulkasi, ule mmea wa majani ya kung'aa unaouzwa leo katika maduka ya maua ya Ulaya na Marekani kana kwamba ni wa huko, asili yake ni misitu na majabali ya upande wetu huu, kuanzia Kenya na Unguja mpaka kusini ya bara. Wataalamu waliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1829, lakini haukupata soko mpaka wakulima wa Uholanzi walipoanza kuuzalisha kwa biashara katika miaka ya 1990. Linaloikutanisha mimea hii yote ni kwamba kila mmoja hubeba akiba ya maji mwilini mwake, ama katika jani, ama katika shina, ama katika kiazi kilichofichwa ardhini, kwa kuwa kwao mvua huja kwa ghafla ikaondoka kwa muda mrefu. Na waliozoea kuilea wanakubaliana juu ya jambo moja: ndani ya nyumba za watu mimea hii haifi kwa kiu mara nyingi kama inavyokufa kwa maji.

Mauti yenyewe huja kwa njia ambayo jicho halioni. Mizizi hupumua. Baina ya chembe za udongo mna nafasi ndogo ndogo zilizojaa hewa, na katika hewa hiyo mizizi huvuta oksijeni usiku na mchana. Maji yakimwagwa nafasi hizo hujaa, kisha, kama udongo ni wa kupitisha, maji hushuka na hewa ikarudi nyuma yake. Lakini yakimwagwa mengine kabla ya yale ya kwanza kushuka, hewa hairudi, na kwa kuwa oksijeni hupenya katika maji polepole kuliko katika hewa kwa kadiri ya mara 10,000, mizizi iliyozungukwa na kinywaji hukosa pumzi. Vinyweleo vyembamba vya mizizi ndivyo vinavyotangulia kufa. Hapo huja maadui waliokuwa wakingoja fursa, Pythium na Phytophthora, viumbe vya majimaji vinavyofanana na ukungu (ndugu yao mmoja ndiye aliyeangamiza viazi vya Ayalandi kuanzia mwaka 1845), ambavyo mbegu zake, zisizoonekana ila kwa hadubini, zina vijimkia na huogelea katika udongo uliotota mpaka zikaufikia mzizi uliokwisha kudhoofika. Kisha majani ya chini hugeuka manjano, yakalainika, yakawa ya kupenyeza mwanga, yakaanguka kwa kuguswa tu. Tako la shina likawa la kahawia, halafu jeusi. Na mwenye kuinamia chungu akasikia harufu ya uvundo.

Lakini kabla ya uvundo kuna ishara nyingine, nayo ndiyo iliyonifanya niuite mmea huu ushahidini. Mzizi uliokufa hauwezi kunyonya, hata ukiwa umezama; kwa hiyo mmea ulio katikati ya maji huanza kuishi kwa akiba yake, majani yakapoteza unono wake, yakakunjamana, yakalegea, na sura yote ikawa ni sura ya kiu. Mwenye mmea hupita asubuhi, akauona mnyonge, huruma ikamshika, akachukua kopo akamimina. Kesho yake hali imezidi kuwa mbaya, naye huzidisha dawa. Kila tone linaongeza dalili zilezile zilizomfanya amimine, na kila dalili inamhakikishia kwamba bado hajatoa vya kutosha, hata maji yakazidi unga. Hakuna mahali katika mnyororo huo ambapo moyo wake ulikuwa mbaya. Kama tungalimsimamisha katika hatua yoyote tukamwuliza anafanya nini, angalijibu kwa kweli tupu kwamba anauokoa mmea wake.

Kiu ya kweli na kiu ya uongo hutambulikana kwa mkono, si kwa jicho la mbali. Jani lenye kiu limekunjamana lakini ni kavu na gumu kidogo, hupindika bila ya kupasuka, na chungu chake ni chepesi ukikinyanyua. Jani lililozama likibonyezwa hubonyea, pengine likatoa maji, na chungu chake ni kizito ijapokuwa uso wa udongo umekauka ukapasuka. Uso wa udongo, kwa hakika, ni mwongo mkubwa. Kijiti cha mshikaki kikichomekwa mpaka chini, kikaachwa kidogo, kisha kikatolewa, husema kweli: kikija na udongo ulioganda kwa unyevu, mmea hauna haja ya mtu.

Sasa turudi kwa wanavyuoni. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alisema kwamba fadhila hukaa katikati ya mipaka miwili, na wengi wamelishika neno hilo kana kwamba katikati ni nukta iliyochorwa ardhini ambayo kila mtu anaweza kwenda kuisimamia. Yeye mwenyewe alijihadhari na kosa hilo. Alitoa mfano wa chakula cha wanamichezo: ikiwa mina 10 za chakula ni nyingi na 2 ni chache, haifuati kwamba mwalimu awaagizie wote mina 6, kwa sababu kipimo hicho kitakuwa kidogo kwa Milo, yule mpiga mieleka mashuhuri, na kikubwa kwa anayeanza mazoezi leo. Wastani wa hesabu ni mmoja kwa watu wote. Wastani wa wema hutafutwa kwa kumtazama anayepewa. Katika mafunzo ya dini yetu kiasi kimefundishwa kwa vyombo vya nyumbani kabisa, kwani imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa maji ya kibaba kimoja na kuoga kwa pishi moja au kuzidi kidogo, na imepokewa pia kwamba alimkataza sahaba wake Saadi israfu ya maji katika udhu hata kama angekuwa kando ya mto unaopita. Habari hii ya pili hunifikirisha kuliko ya kwanza. Kando ya mto hakuna anayenyimwa, wala maji hayapungui. Basi israfu ile inamdhuru nani? Naona kwamba inamdhuru yule anayemwaga, kwa kuwa inamzoesha kupima kwa wingi wa alicho nacho badala ya kupima kwa haja iliyo mbele yake. Na aliyezoea hivyo mtoni hataacha mazoea yake atakapofika dirishani penye mshubiri.

Kosa hilo la kipimo lina mizizi miwili, na wa kwanza ni ujinga wa tabia ya anayepewa. Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akifanya kazi India, aliandika barua iliyochapishwa London mwaka 1815, akaeleza jambo alilolipata kwa ulimi wake: alipotafuna jani la kalankoe alfajiri alilikuta lina ukali wa asidi, alipolitafuna adhuhuri halikuwa na ladha, na jioni lilikuwa na uchungu kidogo. Sababu yake ilikuja kujulikana baadaye. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa ya kaboni, na kwa milango hiyohiyo maji huiondokea kama mvuke. Lakini kalankoe na wengi wa jamaa zake wa majani mazito hufunga milango mchana kutwa, wakaifungua usiku kukiwa na baridi, wakaivuta hewa ile na kuiweka akiba katika umbo la asidi mpaka jua litakapochomoza na kazi kuendelea nyuma ya milango iliyofungwa. Mmea wenye desturi hiyo hutumia maji machache mno. Anayeumiminia kila asubuhi sawasawa na mchicha wake hajafanya uadui. Amefanya kitu ambacho katika maisha ya watu kina jina zuri, usawa, nao umemponza.

Mzizi wa pili ni wa ndani zaidi, na sidhani kwamba elimu ya mimea peke yake itaung'oa. Kumimina ni kitendo, na kitendo humtuliza atendaye. Mtu aliyekaa na kiumbe dhaifu huwa na wasiwasi, na wasiwasi hautaki kujua kama msaada unahitajiwa. Unataka tu kushika kitu. Akiisha kumimina amepata raha yake, amejithibitishia kwamba yeye ni mwema na kwamba hakughafilika, na raha hiyo aliipata palepale, ilhali madhara yatakuja baada ya wiki tatu yakiwa na sura ya maradhi yaliyotoka mbali. Nawaambia wasomaji wangu bila ya kuficha kwamba naogopa sehemu kubwa ya ukarimu wa duniani ni wa namna hii: mtoaji anajitibu nafsi yake kwa mkono alioupeleka kwa mwingine. Si kwamba upendo haumo. Upendo umo, lakini umeshika usukani ukiwa umefumba macho.

Na hapa mmea wenyewe una habari ya kutupa, kwa kuwa shubiri ndiyo iliyokuwa ikitumiwa na mama wa pwani kumwachisha mtoto ziwa. Utomvu ule mchungu hupakwa kwenye chuchu. Mtoto huja kwa furaha yake ya kila siku, akaonja, akakunja uso, akalia. Angalieni hali ya yule mama. Maziwa yamo, tena kifua kimejaa mpaka kinamuuma. Mkono unaopaka shubiri ni uleule uliompakata mtoto tangu azaliwe. Na kilio anakisikia yeye kabla ya mtu yeyote nyumbani. Hakupungukiwa na upendo siku ile kuliko jana. Amejua tu kwamba kitu kilichokuwa uhai kwa mtoto wa miezi mitatu kimeanza kumzuia mtoto wa miaka miwili asile uji na wali, na kwa ujuzi huo anakubali kuonekana mkatili kwa siku chache mbele ya mtu anayempenda kuliko wote. Mmea ambao uchungu wake uliwafundisha mama zetu kuzuia ndio huohuo unaokufa madirishani mwa watu wasioweza kuzuia.

(Shubiri iliyosifika kupita zote katika soko la kale ilikuwa ya Sokotra, kisiwa cha majabali kilichoko njiani mwa majahazi. Masudi wa Baghdad, aliyesafiri kutoka Kanbalu katika pwani yetu kwenda Omani mwaka 916, ameiandika hekaya kwamba Aristotle ndiye aliyemshauri Iskandari akitwae kisiwa hicho kwa ajili ya shubiri yake. Sina haja ya kuisadiki, lakini inanichekesha kidogo kwamba mwalimu wa kiasi amesingiziwa tamaa ya kisiwa kizima.)

Je, basi, nia njema haitoshi? Katika vitabu vya fikihi tunakuta kwamba nia na dhamana hazikufanywa kuwa kitu kimoja. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba mtu anayejitia utabibu hali hajulikani kuwa na elimu yake ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Wala hakuna sharti hapo kwamba awe alimchukia mgonjwa. Inawezekana alikesha kitandani pake akimwombea. Huruma yake itahesabiwa mahali pa huruma, lakini mgonjwa aliyekufa ana haki yake, na haki hiyo haifutwi kwa machozi ya aliyemwua. Naona kwamba hapa ndipo jawabu la haraka linapokosa nguvu: lilidhani kwamba nia ni jambo linaloanza na kwisha ndani ya kifua. Nia ya kumnufaisha mtu, ikiwa ni nia kweli na si tamaa ya kujiona mwema, haina budi kuchukua ndani yake nia ya kujua kinachomnufaisha. Asiyetaka kujua hajakusudia manufaa. Amekusudia kutoa, na kutoa ni kitu kingine. Kwa hiyo simwachilii mfadhili yule kwa sababu ya nia yake, bali namwuliza kwanza kama nia hiyo aliikamilisha.

Mmea uliozama unaweza kuponywa ikiwa mkono umewahi, na uponyaji wenyewe ni mgumu kwa moyo kuliko kwa mkono. Hutolewa katika chungu, ukakung'utwa udongo wote uliolowa, na udongo huo usirudishwe. Mizizi hutazamwa mmoja mmoja: iliyo hai ni migumu, myeupe au ya rangi hafifu, iliyokufa ni ya kahawia au nyeusi, na ukiuvuta mmoja kwa vidole ganda lake huvuka likabaki mkononi, na katikati pakabaki uzi mwembamba kama uzi wa kushonea. Yote ya namna hiyo hukatwa kwa kisu kilichopanguswa kwa spiriti, na kisu hupanguswa tena kila baada ya mkato, kwa maana maradhi husafiri juu ya makali. Ikiwa uozo umepanda shinani, mizizi haina faida tena, na shina lenyewe hukatwa juu ya mahali palipooza; hapo mtu hutazama uso wa mkato, na akiona duara au hata nukta moja ya kahawia katikati ya nyama iliyo safi, hukata tena juu yake, na tena, mpaka uso wote uwe wa rangi moja. Mara nyingi kinachobaki ni kichwa kidogo cha majani kisicho na mzizi wala shina la kutajika. Wengi hushindwa hapa. Huona haya kukata sana, wakaiacha ile nukta moja kwa huruma, na nukta ile ikamaliza kazi.

Kisha jeraha huachwa wazi kivulini penye hewa, siku tatu au nne kwa shina jembamba, wiki moja mpaka mbili kwa lililo nene, mpaka lifanye ngozi kavu. Na baada ya hapo hupandwa katika udongo mkavu wa kichangachanga, bila ya maji, kwa wiki moja au zaidi. Siku hizo ndizo za mtihani. Majani yatasinyaa, kwa sababu mmea unakula akiba yake ili uzae mizizi mipya, na kusinyaa huko ni alama ya kazi inayoendelea. Lakini kwa aliyezoea kopo ni wito uleule wa zamani, kwa sauti ileile. Pasipo mzizi hakuna cha kunyonya, na maji yatakayomwagwa yatakwenda moja kwa moja kwenye jeraha. Kwa mshubiri mara nyingi iko njia nyepesi zaidi, maana huzaa wana pembeni mwake, na mwana aliye mzima hutengwa akapandwa peke yake hata mama akiwa hafai. Jani lake lililokatwa halitoi mizizi, huoza tu. Jani la kalankoe, kinyume chake, hutoa miche likiwa limelazwa juu ya sahani kavu, na anayeliona kwa mara ya kwanza hustaajabu.

Juu ya kinga nitasema machache, kwani aliyefahamu sababu ya mauti ameikaribia kinga. Chungu kiwe cha udongo usiotiwa rangi ya kung'aa, chenye tundu chini, wala kisiwe kikubwa kupita mmea, maana udongo usiofikiwa na mizizi hubaki na maji yasiyo na mnywaji. Mchanga uwe wa mtoni, wa chembe kubwa. Wa baharini una chumvi. Liko jambo moja ambalo takriban kila mtu hulifanya kwa kuamini kwamba ni busara, nalo ni kutandika kokoto chini ya chungu ili maji yapite. Hayapiti. Maji hayatoki katika udongo wa chembe ndogo kuingia katika nafasi kubwa za kokoto mpaka ule udongo ushibe kabisa, kwa hiyo kinamasi kile kilichokuwa kikae chini kabisa ya chungu hupandishwa juu, karibu na mizizi. Kokoto zichanganywe na udongo wote, au ziachwe. Na maji yanapotolewa yatolewe kwa wingi mara moja, mpaka yatoke tunduni, kisahani kikamwagwa, kisha yasitiwe tena mpaka udongo ukauke mpaka chini. Kudondosha kidogo kidogo kila siku, ambako huonekana kuwa ni uangalifu, ndiko kunakouweka udongo katika unyevu usiokatika. Wakati wa masika, kuanzia Machi mpaka Mei, hewa ya pwani yenyewe imebeba maji, na chungu kilichokuwa kikikauka kwa siku chache hubaki kimelowa muda mrefu. Nduguzetu walioko Ulaya wana masika yao katika miezi ya baridi, jua linapokuwa dogo na mmea ukapumzika. Huko huweza kupita mwezi na zaidi bila ya tone.

Najua kwamba mafundisho haya yana mpenzi mmoja ambaye singependa anisome, naye ni bakhili. Atafurahi sana kusikia kwamba kuzuia ni wema. Atamnyima mwombaji akasema anamfundisha kujitegemea, atawaacha wazazi wake wazee akasema anawapa nafasi ya kupumua. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilijua jambo hili, na katika Ihyaa hakuuweka ubadhirifu katika wingi wa kitu kinachotolewa wala ubakhili katika uchache wake, bali katika mahali: uko wajibu wa kutoa na uko wajibu wa kuzuia, na kila mmoja wa hao wawili, mbadhirifu na bakhili, amekosea mahali pake. Tutawatofautishaje, ikiwa kwa nje wote wawili, mlezi na bakhili, wameshika kopo lisilomiminwa? Kwa macho yao. Bakhili hatazami, ameondoka, na angalikuwapo angaligeuza uso. Mlezi wa mshubiri anapita kila siku, ananyanyua chungu, anabonyeza jani la chini kwa kidole gumba, anachomeka kijiti, anaona, kisha anaweka kopo chini. Kazi yote ya anayemimina ameifanya isipokuwa kumimina, na iliyobaki ndiyo nzito. Tunaambiwa tutende wema twende zetu, na kwa desturi tunafahamu kwamba tusingoje shukrani. Mimi nadhani neno hilo linamhusu pia yule anayetenda wema akakataa kuondoka, akasimama pale akiurudia kila saa mpaka ukawa adha.

Imebaki kesi moja ambayo hutokea kila mwaka. Mtu anakwenda hija, au anamfuata mwanawe Maskati kwa mwezi mmoja, naye anamwachia jirani mishubiri yake bila ya kusema neno juu ya maji. Mwenye kuwekwa amana, katika madhehebu yetu ya Shafii, hadhamini kitu kilichoharibika mikononi mwake ila akivuka mpaka au akighafilika; na Imamu Nawawi katika Minhaji ametaja mnyama aliyewekwa amana, kwamba aliyeacha kumlisha mpaka akafa atalipa, ila ikiwa mwenyewe alimkataza kumlisha. Kwa mnyama, kutotenda ndiko kunakoleta deni. Kwa mshubiri naona hukumu imegeuka. Jirani aliyefungua dirisha ili mwanga uingie, akautazama, asiupe maji mwezi mzima, hadaiwi chochote, hata mmea ukifa kwa sababu nyingine. Lakini aliyeumwagilia kila siku kwa uaminifu, akaukuta umeoza siku ya kurudi mwenyewe, namwombea thawabu kwa taabu yake ya kupanda ngazi na kopo. Na juu ya hayo anadaiwa mshubiri mmoja wa umri uleule, pamoja na udongo mkavu wa kuupandia, kwa kuwa ule wa kwanza haufai tena.